Kalamu tatu za babu: shajara ya kuzifufua

Siku ya 1

Jana shangazi alinikabidhi kasha la bati lenye kutu kwenye bawaba. Ndani yake kulikuwa na kalamu tatu za wino za marehemu babu, zimeviringishwa kwenye leso. Aliniambia: "Mwanangu, hizi zimekaa humu tangu macho yalipomshinda baba. Zikiandika, niandikie barua. Zisipoandika, nirudishie zilivyo." Hilo ndilo sharti lake, na ndiyo sababu nimeanza shajara hii kabla sijagusa chochote. Nikiharibu, nataka nijue niliharibu nini na lini.

Ya kwanza ni Waterman 52. Zamani ilikuwa nyeusi, sasa imegeuka kahawia, na ubavuni ina wenzo mwembamba wa kuinua kwa ukucha. Ya pili ni Parker 51 yenye kifuniko cha chuma; nibu yake, yaani kipande cha metali kinachoandika, imefichwa karibu yote, inachungulia tu kwa mbele. Ya tatu haina jina popote. Ni ya seluloidi, plastiki ya zamani, ya kijani yenye mawimbi kama ndani ya gamba la chaza, na kwa macho ndiyo inayovutia kuliko zote.

Hakuna hata moja inayoandika. Wenzo wa Waterman unainuka kidogo kisha unagonga kitu kigumu, dalili kwamba mfuko wa mpira ulio ndani umekauka. Sikuulazimisha. Nimejiwekea mwiko mmoja: kisichofunguka leo, kisubiri kesho.

Siku ya 2

Leo sikufungua kitu. Nilitazama tu, kwa lenzi ya sonara na taa ya mezani.

Namba 52 kwenye kitako cha Waterman si urembo. Tarakimu ya kwanza, 5, inasema kalamu hujazwa kwa wenzo. Ya pili, 2, ni ukubwa wa nibu. Ukishajua hivyo, kalamu inajitambulisha yenyewe ukiishika. Aina hii iliuzwa kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1910 hadi ya 1930, kwa hiyo babu hakuinunua mpya. Kuna mkono mwingine ulioishika kabla yake, na mwenye mkono huo aliacha alama za meno kwenye kitako cha kifuniko.

Niliusugua mwili wake kwa kidole gumba mpaka ukapata joto, kisha nikanusa. Salfa. Harufu hiyo ni ushahidi tosha kwamba hii si plastiki, ni mpira mgumu, ebonaiti. Charles Goodyear alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1844 ya kuupika mpira pamoja na salfa, na nduguye Nelson akapata ya mpira mgumu mwaka 1851. Ukizidisha salfa, mpira unaacha kunyumbulika na kuwa kitu kama pembe: hukatwa, huchongwa na kung'arishwa, na wino hauuli. Adui wake ni mwanga na maji. Vikiushika kwa miaka, weusi wa juu hugeuka kahawia, wakati mwingine kijani cha matope. Wapo wanaoupaka rangi ili urudi kuwa mweusi. Mimi sitaupaka. Kahawia hiyo ni miaka iliyokaa juani kwenye meza ya mtu, na haizuii kalamu kuandika.

Niseme kidogo kwa nini jina la Waterman lina uzito kwa watu wa kalamu. Wazo la kalamu inayobeba wino wake ni la zamani. Petrache Poenaru, kijana wa Romania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hataza ya Ufaransa mwaka 1827 kwa kalamu ya namna hiyo. Shida haikuwa kubeba wino. Shida ilikuwa hewa. Geuza chupa iliyojaa maji uone: hayatoki kwa utulivu, yanagugumia, kwa sababu kila yanapotoka ni lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Kalamu za mwanzo ziligugumia hivyo hivyo. Hewa ikikosa njia, wino unagoma. Ikiingia kwa pupa, wino unamwagika kwenye karatasi.

Lewis Edson Waterman, wa New York, alipata hataza yake tarehe 12 Februari 1884. Alichobuni kimo katika kijiti cha ebonaiti kilicholala chini ya nibu, ambacho mimi nakiita ulimi. Ndani ya ulimi kuna mfereji mmoja, na kwenye sakafu ya mfereji huo zimepasuliwa nyufa nyembamba. Wino hushikwa na nyufa, kwa nguvu ile ile inayofanya maji yapande kwenye uzi wa kitambaa, nao huteremka polepole kuelekea nibuni. Hewa hupanda kwa upande wa pili, ikipishana na wino. Njia mbili ndani ya kijiti kisichozidi unene wa penseli nyembamba. Nimekitazama kwa lenzi kwa muda mrefu leo, na kadiri ninavyokitazama ndivyo ninavyomheshimu aliyekifikiria.

Ile hadithi kwamba Waterman alikuwa wakala wa bima, kalamu mbovu ikamwagia wino mkataba na mteja akamkimbia, inapendwa sana. Kazi ya bima kweli aliifanya. Mkataba uliochafuka, wachunguzi wengi wa historia ya kalamu wanauona kama hadithi ya matangazo ya baadaye. Mimi naona hataza yenyewe inatosha, haihitaji chumvi.

Siku ya 3

Kuifungua Waterman kumenichukua saa moja kasoro, na karibu muda wote huo mikono yangu ilikuwa haifanyi kitu zaidi ya kuzungusha.

Kishikio, sehemu ambayo vidole hushika, hakina hesi katika kalamu hii. Kimeingia mwilini kwa kubana, na aghlabu kimegandishwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo ambao kwa zaidi ya karne ndio gundi ya mafundi wa kalamu. Wageni wa kazi hii hujiuliza kwa nini mpaka leo hatutumii gundi kali za kisasa. Jibu ndilo linalonifanya nizipende kalamu hizi: shelaki inashika barabara, lakini ukiipasha joto inalainika na kuachia. Aliyeiunganisha kalamu hii alijua kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua, akamwachia mlango. Gundi ya siku hizi haiachi mlango.

Nilitumia kikausha nywele kwa joto la chini, nikiwa nimekishika mbali, na kalamu naizungusha kama mtu anayekausha wino kwenye mshumaa. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 60 hadi 70 tu. Likizidi, ebonaiti nayo inalegea, na maandishi yaliyochapwa ubavuni yanaanza kufutika. Kipimo changu ni upande wa ndani wa kifundo cha mkono: kalamu ikigusa hapo nikataka kuiondoa bila kuruka, inatosha. Kisha nafunga kishikio kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kisiteleze, naminya, na kujaribu kukitikisa kushoto kulia kwa nguvu ya vidole viwili tu. Kimya. Pasha tena. Jaribu. Kimya. Pasha.

Mara ya sita nilisikia "tk". Nikasimama palepale. Sauti hiyo inaweza kuwa shelaki iliyokatika au mwili uliopasuka, na kwa sikio huwezi kuzitofautisha. Niliileta chini ya lenzi, nikauzungukia mdomo mzima wa mwili: hakuna ufa. Nilipojaribu tena kishikio kilisogea unene wa unywele, kisha unywele mwingine, halafu kikatoka chote kwa ulaini, kikiwa na shingo ya mpira mweusi uliokauka.

Nikauinamisha mwili juu ya karatasi nyeupe. Mfuko ulimwagika vipande vipande, vigumu, vinavyolia kama maganda ya yai. Baadhi vilikuwa na wino wa bluu-nyeusi uliogandia ndani. Hicho ndicho kilichokuwa kikiuzuia wenzo. Nimevihifadhi kwenye bahasha na kuandika tarehe.

Siku ya 4

Kuusafisha mwili ndani. Vijiti vya pamba, kijiti cha mbao, subira. Bapa la chuma lililo nyuma ya wenzo lina kutu ya juu juu lakini halijaliwa. Nimelisugua kwa msasa laini kabisa na kulifuta.

Nibu na ulimi nimevitoa kwa kuvisukuma kutoka nyuma, kwa kijiti na gonga mbili nyepesi. Kishikio sikukilowesha. Ebonaiti ikilala majini usiku mmoja inaweza kuamka na rangi nyingine. Nibu peke yake ndiyo niliyoiloweka kwenye maji yenye amonia kidogo na tone la sabuni, na wingu la bluu likaanza kutoka mara moja, kama vile wino ulikuwa ukingoja kuombwa.

Ni nibu ya dhahabu ya karati 14, yaani dhahabu kama asilimia 58.3. Dhahabu haikuwekwa kwa ajili ya fahari. Wino wa ofisi wa zamani ulitengenezwa kwa tanini ya vinundu vya mwaloni na sulfeti ya chuma; ukiandika unaonekana mwepesi, kisha hewa inautia weusi na unaingia kwenye karatasi usitoke tena. Una asidi, na nibu ya chuma huliwa nao. Dhahabu haidhuriki. Ila dhahabu ni laini, karatasi ingeimaliza haraka, na kwa hiyo kwenye ncha kabisa hubandikwa tufe dogo la metali ngumu. Smithson Tennant aligundua osmiamu na iridiamu mwaka 1803 huko Uingereza, na mwaka 1834 John Isaac Hawkins akafanikiwa kuzitia kwenye ncha za nibu za dhahabu. Tufe lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha pini, nalo limepasuliwa katikati kwa usahihi ili wino upite. Ndilo linalogusa karatasi. Mengine yote yapo kulihudumia.

Wenzo nao una historia yake. Kalamu za mwanzo zilijazwa kwa kitone: unaifungua kalamu, unadondosha wino kwa bomba dogo la kioo, unaifunga, na vidole havikosi madoa. Kila mtengenezaji alitafuta njia ya kalamu kunywa yenyewe. Conklin, wa Toledo katika jimbo la Ohio, waliweka ubavuni kipande cha chuma chenye umbo la mwezi mwandamo, ukikibonyeza kinaukamua mfuko wa ndani. Mark Twain aliipenda na kuisifu hadharani, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba mwezi ule uliizuia kubingirika mezani. Kisha Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison, Iowa, akapata hataza ya wenzo mwaka 1908. Unauinua, bapa linaukandamiza mfuko, hewa inatoka. Unauachia, mfuko unajipanua na kuuvuta wino. Kinachonivutia ni kwamba ukilala hauonekani. Unakuwa mstari tu kwenye mwili wa kalamu.

Nimepima na kuagiza mifuko. Namba zake ni sehemu za 64 za inchi: mfuko namba 16 una upana wa 16/64, yaani robo inchi. Mfumo ni wa zamani na bado unatumika vilevile.

Siku ya 6

Parker 51. Kazi ya dakika ishirini, na nyingi zilikuwa za kumwaga maji.

Nilifungua mwili kwa hesi, na ndani nikakuta gamba la chuma lenye dirisha na bapa la kubonyeza. Kwa hiyo ni ya mwaka 1948 au baadaye, maana za kabla ya hapo zilijazwa kwa pampu iliyofichwa kitakoni. Mfuko wake si wa mpira, ni wa plastiki angavu, na bado ni laini baada ya miaka yote hiyo. Nilibonyeza na kuachia kwenye maji vuguvugu mara nyingi nisizozihesabu, mpaka yakatoka meupe. Nikatia wino. Ikaandika papo hapo, bila kusita, mstari mwembamba ulionyooka.

George Safford Parker alikuwa mwalimu wa telegrafu mjini Janesville, Wisconsin. Aliwauzia wanafunzi wake kalamu, zikaharibika, akajikuta fundi wao. Kampuni yake ilianza mwaka 1888. Jina 51 linakumbuka mwaka wa 51 wa kampuni, 1939, lakini kalamu yenyewe iliingia sokoni Marekani mwaka 1941. Ilitengenezwa kwa ajili ya wino unaokauka haraka, ndiyo sababu nibu ikafunikwa: isikauke kabla ya karatasi. Wino ule ulikuwa mkali kwa plastiki nyingine, hata Parker wakaonya kwamba utumike kwenye 51 peke yake.

Tarehe 7 Mei 1945 huko Reims, Ufaransa, baada ya Ujerumani kusalimu amri, jenerali wa Marekani Eisenhower alipigwa picha ameshika kalamu mbili za Parker zilizotumika kutia saini, amezipanga kama herufi V. Na tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, jenerali mwenzake MacArthur alipotia saini hati ya Japani kusalimu amri, kati ya kalamu alizotumia kulikuwa na Parker Duofold ya mkewe. Halafu haukupita hata mwezi wa pili. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels la New York lilianza kuuza kalamu ya gololi ya Reynolds kwa dola 12.50, na watu wakajazana. László Bíró alikuwa amepata hataza ya kalamu ya gololi mwaka 1938, na hata neno biro tunalolitumia kila siku ni jina la mtu huyo. Mwaka 1950 Marcel Bich akaleta Bic Cristal, rahisi na isiyohitaji matunzo. Tangu hapo kalamu ya wino haikuwa tena kitu cha lazima.

Babu alipewa hii 51 kama zawadi, shangazi ndivyo alivyosema. Nibu yake chini ya lenzi ni kama mpya. Hakuiandikia sana. Ilikaa mfukoni, kifuniko chake kikionekana.

Siku ya 9

Leo nimeharibu.

Ile ya kijani isiyo na jina. Nilianza kama nilivyoanza kwa Waterman: joto dogo, mpira, vidole viwili. Baada ya nusu saa haikusogea. Nilikuwa nimechoka, mchana wote nilikuwa na shughuli nyingine, na badala ya kuiweka chini nikatumia koleo lililofungwa kitambaa. Mdomo wa mwili ukapasuka, ufa wa milimita nne hivi, unaoanzia ukingoni kuelekea nyuma.

Naandika sababu ili nisirudie. Seluloidi ni nitrati ya selulosi iliyochanganywa na kafuri. Miaka inavyopita, kafuri hupotea hewani na seluloidi husinyaa, kwa hiyo mwili unakibana kishikio kuliko ulivyokibana siku ya kwanza. Pia haipendi joto: huanza kulegea karibu na joto lilelile linalolainisha shelaki, na ikikaribia moto inawaka vibaya. Nafasi ya kufanyia kazi ni finyu. Ebonaiti ingenisamehe; seluloidi haisamehi. Nilijua haya yote kabla sijashika koleo.

Kishikio kilitoka, kwa gharama hiyo. Ufa unaweza kuunganishwa kwa asetoni, kwa kuwa asetoni huyeyusha seluloidi na kingo mbili zikigusana zinakuwa kitu kimoja. Nimedondosha kwa ncha ya sindano, tone dogo sana, ukanywa wenyewe mpaka mwisho wa ufa. Nimeuzungushia uzi na kuiweka kalamu kabatini. Itakaa wiki kadhaa mpaka iwe ngumu kabisa. Sitaufungua uzi mapema, hata kwa kutazama.

Siku ya 10

Sikugusa kalamu.

Siku ya 13

Mifuko imefika. Nilikata mmoja kwa urefu wa ndani ya mwili wa Waterman, nikapaka shelaki nyembamba kwenye shingo ya kishikio, nikauvuta mfuko juu yake kwa koleo la ncha butu, na nikauacha usiku. Kabla ya kuuingiza niliupaka unga wa talki safi usio na manukato, ili mpira usigandie chuma wala kujikunja.

Ulimi umerudi chini ya nibu. Hii ndiyo sehemu ya kutulia. Nibu na ulimi lazima vikae mgongo kwa tumbo, ncha ya ulimi ikiishia nyuma ya ncha ya nibu, bila mwanya kati yao. Ulimi ukiinuka, wino unakatika. Niliushika ulimi kwenye maji ya moto kwa sekunde chache ili ebonaiti ilegee, nikaubana kwenye nibu kwa vidole, nikauacha upoe ukiwa umekumbatia. Nilipoinua kwenye mwanga sikuona tena mstari mweupe kati yao.

Siku ya 14

Nimeijaza. Nilitumbukiza nibu yote kwenye chupa, nikainua wenzo: mapovu. Nikauachia, nikahesabu mpaka kumi, nikarudia. Safari ya pili mapovu yalikuwa machache. Nikaifuta nibu na kuiweka juu ya karatasi.

Imeandika. Mstari mwembamba nikiteleza, na nikikandamiza kidogo kuelekea chini, meno ya nibu yanaachana na mstari unanenepa, kisha yanarudi. Hakuna kalamu ya gololi inayofanya hivyo. Herufi inakuwa na mwili: chini nene, juu nyembamba, na mtu akiitazama anaweza kujua mkono ulikandamiza wapi. Sikuilazimisha kufunguka zaidi. Dhahabu ya miaka mia ikipindishwa kupita kiasi hairudi.

Lakini inakwaruza. Nikienda kulia inakata karatasi kidogo, na kila mara mstari wa kwanza wa neno unarukwa. Meno yako sawa, nimeyatazama kutoka mbele na pembeni. Kisha nikaigeuza nibu chini ya lenzi na kuona: tufe la ncha si tufe tena. Upande mmoja umesagika, una uso bapa ulioelekea kushoto, umeng'arika kuliko kitu chochote kwenye kalamu hii. Hakuna fundi aliyefanya hivyo. Ni karatasi, kwa miaka mingi, mkono mmoja ukishika kalamu kwa namna ile ile.

Ninazo karatasi laini za kusagia. Ni kazi ya dakika kumi kuirudishia ncha umbo la duara, na ingeniandikia vizuri. Nilikaa na karatasi hiyo mkononi kwa muda, kisha nikairudisha sandukuni. Metali ile ikishaondoka hairudi.

Siku ya 15

Nilimpigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kalamu zinasemaje?"

Nilianza na ya kijani. Nikamweleza ufa, koleo, na kwamba kosa lilikuwa langu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo hata yeye alikuwa anaiogopa. Alisema ni ya kutazamwa. Itengeneze taratibu." Kisha nikamuuliza kuhusu ile ya kahawia: babu alikuwa akiishikaje?

"Kalamu alikuwa anaishika kama watu wote. Karatasi ndiyo alikuwa anailaza."

"Anailaza vipi?"

"Anaigeuza mpaka kona ya chini imtazame tumboni. Sisi tulikuwa tunasoma barua zake zikiwa wima, lakini ukimkuta anaandika, unaona maneno yanapanda kama ngazi. Mama alikuwa akimuuliza, huoni shingo inauma? Hakuacha."

Siku ya 16

Nimeiweka karatasi mezani na kuigeuza mpaka kona ya chini ikanitazama. Kiwiko kikafunguka, mkono ukawa unatoka mwilini badala ya kukatiza mbele yake. Nikaiweka nibu.

Haikwaruzi. Uso ule bapa umelala juu ya karatasi wote kwa pamoja, na sauti pekee inayosikika ni ya karatasi yenyewe. Herufi ya kwanza haikurukwa. Nilijaribu tena kwa karatasi wima, ikakwaruza, nikailaza, ikanyamaza. Nimefanya hivyo mara nne ili niwe na hakika kabla ya kuandika hapa.

Mistari yangu inapanda kulia, na bado sijazoea. Lakini nimeanza: *Shangazi yangu mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu ile ya kahawia.* Nikaendelea mpaka katikati ya ukurasa wa pili, ambapo wino ulipauka, nikalazimika kufungua chupa. Niliinua wenzo, nikaushusha, nikahesabu mpaka kumi. Kisha nikarudi kwenye neno nililokuwa nimeliacha nusu.